Kiwanja cha Wabaghazi

Nyumba yangu imejengwa na shingo. Naliweka hilo mbele mapema ili msomaji asije akadhani anayeandika hapa ni mtu wa vitabu. Niliishia darasa la nne kule kijijini kwetu Puge, na hata hilo la nne nililipata kwa huruma ya mwalimu. Nilifika Tabora na shati moja mwilini. Nikaanza kubeba mizigo stesheni: magunia ya karanga kutoka Igalula, ndoo za asali, mabegi ya watu wa Mwanza na Kigoma wanaobadilisha treni. Leo lile duka la vifaa vya ujenzi lenye kuta za kijani ni langu. Yadi ya matofali iliyo nyuma yake ni yangu. Bajaji tatu zinazolala pale uani ni zangu pia, na nyumba ninayoishi ina vigae sakafuni mpaka jikoni. Sijisifu. Nataja tu vilivyopo.

Wengine hupenda kusahau walikotoka. Mimi sisahau, kwa sababu shingo inanikumbusha kila asubuhi ninapogeuka kutazama saa.

Ukitoka stesheni ukavuka barabara, ukawapita wauza viazi, unakuta kiwanja chenye kisima cha mawe, banda la mabati na sakafu ya saruji iliyopasuka. Hapo ndipo nilipokunywa maji yangu ya kwanza ya mjini. Wabeba mizigo wote tulikuwa tukipumzikia hapo kati ya treni na treni. Unafika, unatupa chini ngata yako, ile pete ya kitambaa ya kuwekea mzigo kichwani, unateka maji, unajimwagia kichwani, unalala. Hakuna aliyekuuliza wewe nani.

Pale bandani alikuwepo dada mmoja Mkatoliki, aliyezaliwa Ulyankulu na wazazi waliotoka Burundi. Alikuwa akituuzia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, mlenda, dagaa, na kuku siku ambazo kuna pesa. Nikamkuta, nikamwacha, bado yupo. Alikuwa na utaratibu wake: kuku wake hachinji mwenyewe. Alimtafuta Mwislamu mmoja kati ya wabeba mizigo, akampa kisu, akasema, "Haya, fanya yenu, ili wote wale." Mara nyingi Mwislamu huyo nilikuwa mimi, na malipo yangu yalikuwa firigisi. Adhuhuri tulipotandika mkeka upande wa kibla, yeye alisogeza jiko lake ili moshi usituingie machoni. Hapakuwa na mkutano uliopanga mambo hayo, wala semina.

Kwenye ukuta wa kisima kulikuwa na kibao cha bati: WAKFU WA WABAGHAZI. Wakfu tulijua ni nini. Ni mali ambayo mtu ameitoa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi, hairithiwi, na matumizi yake ni yale aliyoyataja mwenyewe. Lakini Wabaghazi hatukuwajua. Tuliambiwa ni ukoo fulani wa Waarabu wa zamani, enzi za misafara ya pembe, watu waliokwisha zamani. Tukaamini. Ukiwa na gunia kichwani huna nafasi ya kuchunguza koo za watu.

Basi miaka ikaenda, na mimi nikapanda. Msikiti wetu ulipopanuliwa, saruji ilitoka kwangu. Ulipowekwa vigae, vilitoka kwangu. Mtu anayetoa saruji hachelewi kuingizwa kwenye kamati, nikaingizwa. Na kwa kuwa sikutaka kukaa kwenye kamati kama gunia, nikajiandikisha kwenye darasa la watu wazima la kusoma herufi za Kiarabu. Maalim wetu alikuwa mzee mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinifundisha alifu mpaka yee, na hakunipunguzia ukali kwa sababu ya saruji.

Siku moja akaandika orodha ya waliochangia ujenzi, kwa herufi zake za Kiarabu, jina na mahali mtu anapotoka. Nikamwuliza Puge inaandikwaje.

"Kiarabu hakina pa," akasema. "Unaandika ba. Na ga hakina, unachukua ghaini. Umeelewa?"

"Sasa itasomeka Bughe, maalim."

"Anayejua ataijua ni Puge. Asiyejua shauri yake."

Walioinakili orodha ile kwa herufi za kawaida na kuibandika ukutani hawakujua. Nikawa mtu wa Bughe. Mji mzima ukanicheka. Mpaka leo kuna watu stesheni hawanijui kwa jina lingine: Bwana Bughe. Niliudhika mwezi mzima, halafu nikazoea.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe.

Mwenyekiti wa kamati yetu ni mwalimu mstaafu, mtu msafi, anayezungumza kama anasoma. Akaleta pendekezo. Kile kiwanja cha kisima kiko mahali pa biashara, stesheni inachangamka, na msikiti unahitaji kipato. Tuzungushe ukuta, tujenge fremu za maduka, kisima kibaki nyuma kwa matumizi ya msikiti. Wabeba mizigo watafute mahali pengine. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akanigeukia.

"Na mkandarasi tunaye humu humu, hatuna haja ya kutafuta nje."

Nisiseme uongo hapa, wakati nimejitangaza kuwa mkweli. Nilifurahi. Niliona fremu zimesimama, zimepakwa rangi, na watu wakipita wanasema nani kajenga. Nikasema inshallah, na kesho yake asubuhi lori la yadi yangu likamwaga mawe pale kiwanjani. Nikaenda mwenyewe na futi kamba kupima.

Yule dada akatoka bandani akiwa na mwiko mkononi. Sikuwa nimemwambia neno. Wakati huo hakuwa tena mpishi tu. Wabeba mizigo walikuwa wameunda chama chao, wamekisajili, kina katiba na muhuri, na walikuwa wamemchagua yeye kuwa mwenyekiti mara mbili mfululizo, kwa kunyoosha mikono, kwa sababu ndiye pekee aliyewajua wote na hakuwaogopa.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Unapima kaburi la nani?"

"Aa, dada. Kamati imeamua. Ni fremu."

"Kamati ipi? Mimi ni mwenyekiti hapa, sijaona barua."

"Ya msikiti. Hii si mali ya msikiti?"

"Mdogo wangu, mimi sijakataa. Nauliza nani kasema."

"Karatasi ya wakfu imesema."

Akauweka mwiko begani kama askari. "Umeisoma?"

Nikaitazama futi kamba.

"Umeisoma, au umesomewa? Wewe nimekulisha hapa hujui hata kusoma tiketi. Leo una futi kamba, unanipima mimi na sufuria zangu kwa karatasi usiyoijua!" Vijana na wazee waliokuwa wamekaa kwenye ukingo wa kisima wakaangua kicheko. Mmoja akapiga mluzi. "Nenda kaisome," akasema dada. "Ukiisoma na ikisema tutoke, tutatoka, na mwiko huu nitakupa. Usipoisoma, mawe yako yatakaa hapo mpaka yaote majani."

Nilikunja futi kamba. Kutukanwa nimetukanwa sana maishani, nimetukanwa na abiria, na mateja, na maafisa, hayo hayanipati. Lakini kuambiwa sijasoma kitu ninachokitumia, hilo liliingia. Nikajiapia papo hapo kwamba ile karatasi nitaiona kwa macho yangu, na kwamba jiwe moja halitasimama juu ya jingine kabla sijaiona.

Nikaenda kwa maalim mchana uleule. Yeye ndiye alikuwa akiitunza, ndani ya sanduku la bati, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Alinitazama juu ya miwani.

"Kamati ilikwisha amua. Wewe unataka nini?"

"Nataka kuisoma."

"Wewe?"

"Wewe soma, maalim. Mimi nitafuata kwa kidole."

Haikuwa kwa lugha ya Kiarabu. Ilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa zamani walivyoandikiana barua. Aliyeweka wakfu alikuwa mwanamke, mfanyabiashara wa mji huu wakati wa misafara. Maalim akasoma polepole. Kisima na kiwanja na kivuli chake ni vya Wabaghazi wanaopita, wa kwenda na wa kurudi. Wanywe, walale, wasiulizwe.

"Hao Wabaghazi ni kina nani hasa?" nikauliza.

"Ukoo. Waarabu. Wamekwisha. Na mali ya wakfu, wenyewe wakiisha, inarudi kwa Waislamu wote, na Waislamu wote ndiyo kamati. Umeridhika?"

Nikasema nimeridhika, nikatoka. Nikawa njiani najisemesha: basi tena, dada atanipa mwiko wake. Moyo haukuwa mwepesi, lakini karatasi imesema.

Nikafika dukani. Mbele ya mlango kuna mbeba mizigo, gunia la misumari na vifaa kichwani, jasho linamtiririka. Akapaza sauti:

"Bwana Bughe! Mzigo niupagae mpaka wapi?"

Alikuwa mtu wa vijijini, Mnyamwezi wa kwetu, anazungumza bado kama wazee. Mjini hapa tunasema kubeba. Bibi yangu kule Puge hakusema kubeba, alisema kupagaa. Alikuwa akinipa kikapu cha viazi akasema, pagaa, mjukuu wangu, na akanisimulia juu ya babu wa babu yangu, ambaye alikwenda pwani na pembe begani akarudi na nguo. Alikuwa na sugu kwenye bega kubwa kama yai, na watu walimjua kwa sugu hiyo. Hakuwa kuli wala mbeba mizigo. Bibi alimwita mpagazi.

Nilisimama pale barazani kama mtu aliyepigwa na jua. Bughe. Puge. Pa hakuna, unaandika ba. Ga hakuna, unachukua ghaini.

Wabaghazi.

Yule bwana akanipigia kelele tena, shingo inamuuma. Nikamwambia weka popote, weka hata kitandani kwangu, nikaruka kwenye bajaji yangu mwenyewe nikamfukuza dereva kwenye kiti.

Maalim alikuwa anatawadha kwa ajili ya alasiri. Nikamwambia mambo yote kwa pumzi moja. Hakupenda. Alijifuta mikono taratibu sana, nikaona kabisa anatafuta mahali pa kunikata.

"Mimi nimeisoma karatasi hii tangu wewe hujajua kuvaa viatu. Baba yangu ameisoma. Leo umejifunza herufi juzi unanisahihisha?"

"Sikusahihishi, maalim. Naomba unionyeshe neno moja tu. Hapa uliposoma 'wanaopita'. Pita imeandikwaje?"

Akachukua karatasi. Akaweka kidole. Kidole kikasimama.

"Kwa ba," akasema.

"Basi imeandikwa wanaobita. Mbona hapo hukusoma bita? Hapo ulijua ni pa kwa sababu neno unalijua. Na hili la kabla yake hukulijua."

Akarudisha kidole kwenye lile neno, akalifuata herufi kwa herufi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza mzee wa watu, kumbe anacheka. Akacheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye uzi.

"Astaghfirullah. Wapagazi. Miaka yote hii tunawaombea dua Waarabu ambao hawakuzaliwa."

Nawaambia, watu wenye vyeti walipita mbele ya kibao kile, wakakisoma, wakanywa maji, wakaondoka. Aliyekifungua ni mimi wa darasa la nne, kwa sababu mimi ndiye niliyeandikwa vibaya kwa njia ileile. Hilo nitalisema mpaka naingia kaburini.

Nikamwambia mwenyekiti wa kamati kwamba sijengi kabla jambo hili halijazungumzwa mbele za waumini wote. Akaitisha mkutano Jumapili, baada ya alasiri, kwenye baraza ya msikiti. Baraza ile inatazama barabara, ina mabenchi, na mtu yeyote hukaa hapo kusubiri mvua ipite. Nikamleta yule dada na wenzake wawili wa chama. Alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, kichwa kimefungwa vizuri.

Mwenyekiti akamwona, akanivuta pembeni. "Huyu si mwumini, wala kamati si yake. Anakaa hapa kwa nafasi gani?"

"Kwa nafasi ya kuzungumziwa," nikasema. "Na hii ni baraza, si mihrabu. Juzi kulipokuwa na kipindupindu mtaani si ulimwita bwana afya hapa, na bwana afya si Mmoraviani? Alikaa benchi hilihili."

Akaenda kufungua mkutano. Alizungumza vizuri, lazima niseme. Alieleza mahitaji ya madrasa, alieleza fremu. Kisha akafika kwenye neno lenyewe. "Tuchukulie kwamba ni wapagazi. Hao wapagazi wa zamani walikuwa watumishi wa matajiri Waislamu, na bila shaka wengi walikuwa Waislamu. Hawa wa leo ni mchanganyiko. Wana chama cha serikali, wana katiba yao. Sisi tuna yetu, ya Mungu. Tusichanganye. Na kwa kuwa tunaishi kwenye nchi ya demokrasia, tupige kura. Wanaotaka fremu wanyooshe mikono."

Mikono ilianza kwenda juu. Mingi. Nikaona kiwanja kinaondoka mbele ya macho yangu, na mwiko wa dada mkononi mwangu. Nikasimama kabla hajamaliza kutazama.

"Shusheni mikono kwanza," nikasema. "Mimi sijui Kiarabu cha ndani, wala siasa. Lakini mpagazi namjua, kwa sababu nimetoka kwenye sugu ya bega lake. Babu wa babu yangu alibeba pembe njia hii. Hakuwa Mwislamu. Alikuwa anatambika. Uislamu nyumbani kwetu umeingia na bibi yangu. Yule mwanamke aliyeweka wakfu, Mwislamu, mwenye mali, aliwaona watu kama babu yangu wanapita na midomo imekauka. Hakuandika 'wanywe Waislamu'. Alijua kuandika, angeandika. Aliandika wasiulizwe. Wasiulizwe nini? Bei? Maji ya kisima yana bei? Wasiulizwe wewe nani, kabila gani, unamwomba nani. Ndiyo maana mimi nilipofika na shati moja sikuulizwa."

"Hiyo ni tafsiri yako," akasema mwenyekiti.

"Basi nipe yako."

Watu wakaguna. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwenyekiti, jibu Bughe," na wengine wakacheka.

"Na hii habari ya demokrasia," nikaendelea, maana nikishika njia siachi. "Siku ya uchaguzi tulipanga foleni pale shuleni, wote humu mlikuwepo. Mbele yangu alikuwepo sista mmoja, nyuma yangu maalim. Hatukutengwa, karatasi ilikuwa moja. Leo tunapiga kura juu ya kisima cha wapagazi, na wapagazi wamekaa pembeni kama abiria. Kama ni kura, basi na mwenye kisima apige. Kama mwenye kisima hapigi, msiite kura. Iteni jina lingine."

Mwenyekiti alitaka kujibu, lakini maalim alikuwa amesimama. Akainua ile karatasi, bado ndani ya kitambaa.

"Kosa la kusoma ni langu na la baba yangu, Mungu atusamehe. Lakini hukumu yake haihitaji mkono wa mtu. Sharti la mwenye wakfu halibadilishwi na kamati, hata kamati ikiwa nzima na hata ikiwa na nia njema. Akisema ni cha wapagazi, ni cha wapagazi. Sisi ni watunzaji. Msikiti ukikosa kipato tutachanga, tumezoea."

Kisha akamgeukia dada. Sikuwahi kumwona maalim akizungumza na mwanamke asiye wa nyumbani kwake. "Mama, una neno?"

Dada akasimama. Hakuwa na hotuba. "Mimi nashukuru mmenipa benchi," akasema. "Nina moja tu. Mkitutoa pale, kuku atachinjwa wapi? Maana hata ninyi kamati mnakula kwangu siku za Ijumaa, nawaona mnapita mlango wa nyuma."

Baraza ikalipuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti alitabasamu, kwa sababu ilikuwa kweli, na yeye ndiye anayependa paja. Baada ya hapo mikono ya fremu haikupanda tena. Ikakubaliwa kwamba hakuna ukuta, hakuna fremu, na kwamba kiwanja kitasimamiwa na watu wa msikiti na watu wa chama kwa pamoja, wakutane palepale kisimani, karatasi ikiwa mezani na nakala yake imeandikwa kwa herufi ambazo kila mtu anazisoma.

Mwenyekiti alinishika mkono tulipokuwa tunavaa viatu. "Umejinyima kazi nzuri, bwana mkandarasi."

"Kazi zipo," nikamwambia. "Tabora inajengwa kila siku."

Na sikusema hivyo kujikaza. Mawe yale sikuyaondoa. Niliwapa wabeba mizigo wayatumie kuimarisha ukingo wa kisima, na saruji ya sakafu nikaitoa mimi.

Sasa nilidhani kwenye kikao cha kwanza pale kisimani nitakaa meza ya mbele. Nani mwingine? Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake. Nikafika, nikavuta kiti upande wa chama, kwa sababu huko ndiko damu yangu iliko. Dada alikuwa na daftari la wanachama mapajani.

"Huko si kwako," akasema.

"Dada, mimi ni mpagazi. Umenisikia barazani."

"Nimekusikia. Ulisema vizuri, nikalia kidogo. Lakini katiba yetu, ibara ya kwanza, mwanachama ni mtu anayebeba, au anayewapikia wanaobeba. Wewe unabebewa. Ukitaka, kaa na watu wa msikiti."

"Kwa watu wa msikiti nafasi zimejaa!" Na kweli zilikuwa zimejaa, maalim na wenzake wawili walishakaa.

"Basi simama kama wananchi wengine, sikiliza."

Wabeba mizigo wakanitazama, wakisubiri nikasirike. Mtu mwingine wa hadhi yangu angekasirika, angewakumbusha saruji. Mimi nikatazama upande wa stesheni. Treni ya mizigo ilikuwa imeingia, magunia ya karanga yanashushwa. Nikavua koti. Nikavua kanzu, nikabaki na fulana na suruali. Nikamwomba mzee mmoja ngata yake.

"Utakufa, Bwana Bughe," akaniambia.

"Mtanizika kama mpagazi."

Nilivuka barabara. Mpakiaji alinijua, akadhani ninatania, akanichagulia gunia dogo. Nikakataa. Nikamwambia anipe lile la kawaida, na aliponitwisha nikasikia pingili zote za uti wa mgongo zinasalimiana.  Nikasimama hivyo kidogo mpaka zikatulia, kisha nikaanza kutembea, mwendo ule wa zamani, hatua fupi, macho mbali, pumzi kwa pua. Shingo ilikuwa bado inajua kazi. Bodaboda zikanipisha. Muuza viazi akapiga makofi. Mteja wangu mmoja wa matofali alisimamisha gari, akafungua kioo, akatoa kichwa nje kunitazama.

Nikafika kisimani, nikalishusha gunia kwenye sakafu niliyoitolea saruji mwenyewe, sikulitupa. Nikateka maji, nikajimwagia kichwani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Maalim alikuwa ameinamisha uso, mabega yanatikisika tena.

Dada akalamba ncha ya kalamu, akafungua daftari.

"Jina nalijua. Unatoka wapi?"

"Puge. Kwa pa."

Akaandika, akageuza daftari nione. Ilikuwa pa, kubwa, ya wazi.

"Kaa chini," akasema. "Ukitaka kusema, nyoosha mkono."

Nikakaa kwenye ukingo wa kisima katikati ya wenzangu, maji yananichuruzika, na nikanyoosha mkono. Kulikuwa na watu wawili mbele yangu. Nikangoja zamu.